Shimo la moto la zege linapokorofisha: kuripuka, kumomonyoka, ufa na moshi

Mashimo ya moto ya zege, yaani duara za zege za kuwashia moto uani, yameshika kweli Unguja. Zamani ungeyakuta kwenye nyumba za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi. Leo mtu mwenye ua wa kutosha Fumba au Bububu, au Wete kule Pemba, anajimwagia la kwake. Kalibu ya nje, kalibu ya ndani, mifuko michache ya saruji, na kazi imekwisha. Jioni watu wanakaa duara, mishikaki inageuzwa, watoto wanachoma mahindi. Kisha simu zinaanza: "Fundi, lile duara letu linatupasukia."

Wengi wakieleza tatizo huanza na mchanganyiko, saruji kiasi gani, mchanga kiasi gani. Mimi huuliza jingine kwanza: limeharibika lini? Moto ukiwa unawaka, ulipokuwa unapoa, au siku kadhaa baadaye bila mtu kuligusa? Jibu la hapo linakata nusu ya kazi ya kutafuta, kwa sababu mvuke, joto, chokaa na chumvi kila kimoja kina saa yake ya kuharibu.

Jambo la pili la kuweka kichwani ni jiwe letu. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu ambao kokoto zao zinatokana na miamba mingine kabisa. Sisi tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, hasa upande wa mashariki na kusini wa Unguja, na kokoto nyingi zinazopondwa huku ni jiwe hilo hilo. Kwa nyumba halina neno. Kwa moto lina tabia yake, nitaieleza chini kwa urefu kwa sababu ndiyo inayowatesa watu wengi zaidi.

Limeripuka moto ukiwa unawaka

Unasikia mlio mkali, vipande bapa vya zege vinaruka kutoka ukuta wa ndani, unene wa sentimita moja au mbili. Ukitazama palipobanduka pamevunjika safi, pagumu, hapana unga. Aghalabu hutokea mapema, moto ulipopanda kwa haraka, na mara nyingi ni ule moto wa kwanza wa kuwaonyesha wageni.

Hapo mkosa ni maji. Zege linaloonekana kavu juu bado lina maji tele ndani. Yakipita nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyotosha maji. Usipopata njia ya kutokea, unaitengeneza. Ajabu yake ni kwamba zege lililoshindiliwa vizuri, lile la fundi hodari, ndilo linaloufungia mvuke njia kuliko lile lenye matundu. Kwa hiyo usimlaumu aliyemwaga kabla hujauliza liliachwa likauke muda gani.

Hapa pana mkanganyo ambao hata mafundi wanao. Tunamwagilia zege maji siku 7 na zaidi ili saruji ishike, na tunahesabu siku 28 ili lifikie nguvu yake. Hiyo ni hesabu ya nguvu, si ya ukavu. Siku ya 28 zege ni gumu na bado ni bichi kwa moto. Lipe wiki kadhaa nyengine bila kumwagiliwa, likiwa limefunikwa bati lililoinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini yake. Lililomwagwa wakati wa masika, Machi hadi Mei, usilihesabie wiki kabisa mpaka mvua zikatike. Hewa yenyewe imelowa, litakaukia wapi? Miezi mizuri ya kumwaga ni kipupwe, Juni hadi Agosti, au Januari na Februari ikiwa utaweza kulikinga na jua kali siku za mwanzo.

Ukitaka kujua kama limekauka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa ndani usiku, zungushia selotepu kingo zote, uje asubuhi. Ukikuta jasho chini ya nailoni, au zege limekoza rangi pale pale, subiri. Likiwa kavu, usiruke kwenye magogo. Siku ya kwanza washa makumbi na vijiti, moto wa kuchemsha birika tu, kwa saa moja, uache upoe wenyewe. Siku ya pili ongeza kidogo. Siku ya tatu kidogo tena. Ndipo uite watu.

Shimo la zamani nalo huripuka, likiwa limekaa wazi mvua nzima kisha likawashwa kwa pupa. Dawa ni ile ile. Na vile vijiwe vya mviringo vya pwani ambavyo watu huvitandaza chini kwa urembo vitoe. Vina vitundu vilivyonywa maji, na vikipata joto hutupa vipande usoni kwa mtu.

Moto ulikwenda vizuri, lakini siku za baadaye linamomonyoka lenyewe

Hili ndilo lenyewe. Mtu anawasha Ijumaa, hakuna mlio, hakuna ufa. Siku mbili tatu baadaye, hasa kukinyesha au kukiwa na umande mzito, anakuta ukuta wa ndani umetoboka vijishimo, kila kimoja kina nukta nyeupe laini katikati. Baada ya mioto kadhaa vijishimo vimekutana na ukuta unachambuka kwa kidole. Anadhani saruji ilikuwa kidogo. Anapiga plasta ya saruji, anawasha tena, plasta inadondoka vipande vizima.

Saruji hapo haina kesi. Kumbuka chokaa iliyojenga Mji Mkongwe ilipatikanaje: kuni zilipangwa duara kubwa, juu yake mawe ya matumbawe, likatiwa moto, na jiwe lililoiva likazimwa kwa maji likawa chokaa. Sasa mtu anayejenga duara kwa kokoto za matumbawe na kulijaza kuni anafanya kazi ile ile bila kukusudia, tofauti ni kwamba jiwe lake limo ndani ya ukuta.

Jiwe la namna hii likifika kama nyuzi 700 linaanza kupoteza hewa yake ya kaboni, na karibu na 900 kazi inakwenda kwa kasi. Joto hilo si la kiwandani. Makaa yaliyoiva mpaka yakawa rangi ya chungwa yameshafika huko, na anayechochea kwa vifuu vya nazi hufika mapema zaidi, maana vifuu vina moto mkali. Kinachobaki ukutani ni chokaa hai. Siku hiyo hiyo hakionekani kitu, jiwe liko mahali pake. Lakini chokaa hai ina kiu: inavuta maji kutoka kwenye mvua, umande, hata hewa ya pwani, inapata joto na kuvimba, na inapovimba inasukuma zege lililoizunguka. Ndiyo maana uharibifu unakuja baada ya moto, si ndani ya moto.

Na mchanga je? Mchanga mweupe wa ufukweni, ule unaowavutia wageni, sehemu kubwa yake ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Nao huiva chokaa. Ukiacha kuwa kuuchota pwani kunakula ufukwe na kunakuingiza matatani, kwa kazi hii ni mchanga mbaya kabisa. Tafuta mchanga wa machimbo ya ndani, kama ule wa Wilaya ya Kaskazini B, uununue kwa njia zinazoruhusiwa.

Huna haja ya maabara kujua kokoto zako ni za namna gani. Ponda moja mpaka iwe unga, weka kwenye kisahani, kamulia ndimu au mwagia siki. Ukiona vipovu vinachemka, hiyo ni jiwe la chokaa. Fanya hivyo kwa mchanga pia. Nimeona watu wakishangaa vile kisahani kinavyotokota, na kokoto ileile wamekwisha kununua gari zima.

Basi tuagizie kokoto ngumu kutoka bara, mtu atasema. Zinasaidia, ila hazimalizi tatizo. Mawe magumu mengi yana chembe za madini ya kwatzi, na kwatzi hutanuka ghafla inapofika nyuzi 573. Isitoshe saruji yenyewe ina mchanganyiko wa chokaa ndani yake unaovunjika kati ya nyuzi 400 na 500, halafu unarudi kunywa maji ukipoa. Zege la kawaida likipita nyuzi 300 linaanza kupoteza nguvu hata likiwa la mawe ya namna gani. Ukilazimika kumwaga bila kokoto za matumbawe, vipande vya matofali ya udongo ya kuchoma vilivyopondwa ni kokoto nzuri kwa joto, kwa kuwa vimeshapita motoni mara moja.

Kwa hiyo shauri langu halibadiliki: zege libebe umbo, lisiguse moto. Moto uwe na ukuta wake wa ndani.

Ukuta huo unaweza kuwa ringi ya lori, au kipande cha pipa la lita 200, ambalo upana wake ni kama sentimita 57. Acha nafasi ya sentimita 3 kati ya chuma na zege, chuma kiweze kutanuka na hewa ipite. Ringi hudumu kuliko pipa kwa sababu ni nene. Bati la pipa hewa ya chumvi hulila upesi. Pipa lililowahi kubeba mafuta au dawa usilikate na msumeno wa umeme kabla halijaoshwa na kujazwa maji, mvuke uliobaki ndani umeshaumiza watu.

Au utumie matofali ya udongo ya kuchoma, yapangwe bila saruji, yajengewe kwa udongo. Kwetu tofali lililozoeleka ni la saruji, kwa hiyo ya kuchoma huenda ukaagizia. Yale maalumu ya tanuri ndiyo bora kuliko yote na ndiyo ghali.

Mimi binafsi napenda udongo mfinyanzi. Changanya udongo na mchanga wa shamba kiasi cha sehemu moja kwa mbili au tatu, tia vigae vya vyungu vilivyosagwa, kanda mpaka ushikamane, kandika ukutani unene wa sentimita 4. Kabla ya kukandika, fanya donge la majaribio ulianike kivulini: likipasuka sana ongeza mchanga, likipukutika ongeza udongo. Litapata nyufa ndogo, uzibe kwa udongo ule ule, na kila mwaka utakandika upya hapa na pale. Watu huona ni kazi ya kijungujiko, lakini haigharimu kitu, na Pemba udongo wenyewe uko chini ya miguu.

Kuna wanaotia chokaa au majivu kwenye saruji wakiamini itavumilia moto. Haivumilii. Saruji inayovumilia moto ni ya alumina, inauzwa peke yake na inaagizwa, huwezi kuipata kwa kuchanganya vitu vya dukani.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Ule unga wa ukuta uliomomonyoka unaweza kuwa na chokaa hai. Usiufute kwa mkono mtupu wenye jasho, na usiupulize. Vaa glavu na miwani, ufagie ukiwa mkavu. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu kisha nenda hospitali, usingoje.

Weupe ambao si chokaa

Si kila cheupe ni maradhi. Weupe ulio nje ya ukuta, mbali na moto, wenye kutambaa kama ramani baada ya mvua, ni chumvi zinazotolewa na maji yanapokauka. Sugua kwa brashi kavu, utarudi mara chache na kupungua. Weupe wa ndani unaofutika kwa kitambaa na kuacha zege gumu chini yake ni jivu tu. Ule unaokwenda na mchanga na kokoto ukiugusa ndio wa kuuogopa. Rangi nyengine pia inasema: zege lililoiva kidogo huweza kuvuta waridi, na lililopita nyuzi 600 hugeuka kijivu cheupe. Kwenye zege la matumbawe waridi huonekana kwa shida, kwa hiyo gonga kwa nyundo pia. Panapolia ni pazima, panapojibu kwa mdundo mzito pameachana ndani.

Ufa wa wima kutoka juu mpaka chini

Ufa mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani, ulioanzia kwenye ukingo wa juu, hutokana na kutanuka. Zege la mita 1 likipandishwa joto kwa nyuzi 300 hurefuka karibu milimita 3. Ndani kumepata joto na kunataka kukua, nje bado ni baridi na kumeng'ang'ania. Duara lililofungwa halina pa kwenda, linachanika.

Ufa wa namna hii ukiwa mmoja au miwili, na pande zake ziko sawa, mimi huuacha. Duara limejitafutia nafasi yake. Kosa ni kuuziba kwa saruji: ukiujaza ukiwa umepoa, moto unaofuata utafungua mwengine pembeni yake. Anayemwaga upya amwage vipande vinne vyenye mwanya wa milimita 5 kati yao, au akate lililopo kwa mashine ya kukatia vigae, juu hadi chini, pande mbili zinazokabiliana. Ukitaka kuziba mwanya ili majivu yasiingie, sokota udongo mfinyanzi.

Nyufa ndogo ndogo za wavu kwa ndani ni hadithi nyengine. Hizo uliza nani alizima moto kwa ndoo ya maji. Uso wa ndani ukipozwa ghafla unasinyaa wakati mwili wa nyuma bado umevimba kwa joto, unachanika juu juu. Zima kwa kutandaza makaa na kufunika bati, au kwa mchanga mkavu. Ikiwa lazima maji yatumike kwa sababu cheche zimeruka, mwaga bila kufikiri, ukuta utatengenezwa.

Ufa ulionyooka wenye doa la kahawia

Huu unafuata nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, nayo husukuma zege mpaka libanduke. Duara linaweza kuharibika hivi hata kama halijawashwa mwaka mzima, na hilo ndilo linalolitenga na mengine.

Chumvi imeingia kwa mchanga wa pwani, au kwa maji ya kisima. Visima vya vijiji vya ufukweni vingi vimeingiliwa na bahari. Maji ukiyaonja ukasikia chumvi, hayafai kwa zege lenye chuma. Kisha upepo wa bahari unaongeza wake kila siku. Swali langu kwa wenye tatizo hili ni kwa nini waliweka nondo. Duara dogo lenye ukuta wa sentimita 12 halibebi dari. Ukiona huwezi kulala bila chuma, tumia nyembamba ya milimita 6, iwe upande wa nje wa ukuta, na ifunikwe na zege sentimita 4 au 5. Iliyokwisha kupata kutu haiponyeki kwa plasta: bandua zege lililoachana, kata chuma kilichooza, na ukijaza, jaza bila chuma.

Linafuka moshi, haliwaki

Wenye nyumba wanalaumu shimo, mara nyingi kosa ni la kuni. Mwembe uliokatwa juzi, gogo la mnazi lililolala kwenye majani, makumbi yaliyonyeshewa: hivyo vyote vinatoa moshi popote. Mvinje mkavu unawaka vizuri, na Pemba mikarafuu iliyokufa ni kuni safi. Usikate mikoko, inalindwa, na magogo yaliyotupwa na bahari yamejaa chumvi inayokula chuma chako. Mbao za mashua chakavu zenye rangi na dawa ya chini ya maji usizichome kabisa, achilia mbali kuchomea nyama juu yake.

Kuni zikiwa kavu na bado linafuka, tazama hewa. Shimo lenye kina cha zaidi ya sentimita 40 bila matundu chini linakosa pumzi. Linahitaji matundu manne hadi sita ya inchi 2 usawa wa sakafu. Njia rahisi ni kuweka vipande vya paipu ya plastiki kwenye kalibu unapomwaga na kuvichomoa zege likishika. Vikiachwa humo vitaungua navyo vina moshi mbaya. Lililokwisha kumwagwa litobolewe kwa drili, polepole, si kwa tindo na nyundo. Na mara nyingi matundu yapo, yamezibwa na jivu la mwezi mzima.

Upepo nao ubadilishe mawazo yako kwa msimu. Kusi linavuma kutoka kusini kwa miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi linakuja kutoka upande wa pili kuanzia kama Desemba mpaka Machi. Matundu yaliyoelekea upepo yakivuta kupita kiasi moto unakuwa mkali, kuni zinaisha, na cheche zinaruka. Ziba mawili kwa tofali. Shimo liwe upande ambao upepo unachukua cheche mbali na nyumba, na kwenye paa la makuti mimi sikubali chini ya mita 8. Anayeona ni ukali aende Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, atazame kibanda cha makuti kinachotiwa moto kinavyokwisha.

Maji yanatuama ndani

Uwandani huku, kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe, jiwe linakunywa maji, toboa tundu sakafuni, tandaza kokoto chini, basi. Kwenye udongo mfinyanzi, na sehemu nyingi za Pemba, tundu peke yake halitoshi. Maji yatarudi juu. Inua sakafu ya shimo sentimita 15 juu ya ardhi na utoe paipu ya pembeni yenye mteremko. Maji yanayokaa siku nyingi yanalainisha zege, yanaandaa mripuko wa moto ujao, na yanazaa mbu. Kifuniko cha bati kinamaliza mengi ya haya kwa bei ndogo. Jivu litoe kabla ya mvua. Likilowa linakuwa kali na linachubua mikono. Usilimwage lote kwenye mboga za uwandani, udongo wa huko umeshajaa chokaa.

Duara lililoinama upande mmoja limekaa juu ya udongo laini ambao haukushindiliwa. Hapo hakuna la kuzungumza, lichimbuliwe upande ulioinuka au linyanyuliwe na kujazwa kifusi.

Nyufa na ulaini hata kabla ya moto

Nyufa nyembamba za juu zilizotokea siku ile ile ya kumwaga ni jua na upepo, hasa wakati wa kaskazi. Funika magunia yaliyoloweshwa mara tu zege linapokaza. Hazina madhara makubwa.

Uso unaochubuka kwa msumari ni maji mengi au saruji iliyochoka. Mfuko wa kilo 50 unataka maji kama lita 25, na mchanga ukiwa umelowa hata hayo yapunguze. Mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu unatosha. Saruji huku husafiri na kukaa ghalani kwenye unyevu: ingiza mkono ndani ya mfuko, na mabonge yasiyovunjika kwa vidole maana yake imeanza kuganda. Muuzaji atakwambia upepete. Pepeta utumie kwa njia ya bustani, si kwa kazi hii.

Matundu makubwa kwenye ukuta baada ya kuvua kalibu ni kutoshindilia. Yaliyo nje jaza. Ya ndani yatafunikwa na udongo.

Kutengeneza au kuvunja

Ikiwa mmomonyoko haujapita robo ya unene wa ukuta na nyundo bado inalia sehemu nyingi, chokoa kilicho laini chote, fagia, acha likae siku kadhaa za ukavu, kisha weka ukuta wa ndani wa ringi, matofali au udongo. Kama duara ni dogo mno kuingia ringi, udongo ndio unaobaki. Usipige saruji ndani tena hata kidogo.

Vunja likiwa limepasuka kupita mahali pengi na vipande vinacheza, au ukuta wote unajibu mdundo mzito, au nondo imejitokeza kwa ndani. Kulifunga kwa waya kwa nje huwa kunaahirisha, na vipande vyake vikianguka vinaangukia miguuni mwa watoto.

Kifusi cha ndani kilichoiva usikitupe njiani. Kitandaze mahali mbali na watoto na mbuzi, kinyeshewe mvua ya kutosha ili chokaa hai izimike, halafu kinafaa kujazia chini ya baraza au kwenye mashimo ya njia ya gari. Kwenye zege la duara jipya usikirudishe.